Umepangiwa Sanaa kwenye BTP? Anza na Ndoo, Rangi Baadaye

Kila msimu wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu, ukifika, simu yangu hujaa maswali yaleyale. "Mwalimu, nimepewa darasa la I na la VI siku moja, nifanyeje?" "Watoto wamepakana rangi, mwalimu mkuu kapita dirishani." "Shule haina hata brashi moja na mkufunzi wa chuo anakuja kunikagua Jumatano." Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nayaandika yote hapa. Ukimaliza kusoma, mtumie na mwenzako mliyepangiwa naye shule.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na nimewapokea walimu wa mazoezi wengi. Wale waliolemewa na darasa la sanaa, karibu wote walikuwa wanajua kuchora, na sauti walikuwa nayo. Walilemewa katika dakika tatu za kugawa vifaa. Watoto 90, brashi 12, mikono 78 haina kazi: hapo hata ungekuwa na kipaza sauti, fujo itakuja tu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inazungumzia ndoo, sahani na nani anasimama lini. Kuchora chuo wamekwisha kukufundisha.

Ili tusipotee, nitatumia kazi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: kuchapa kwa bamia. Ukikata bamia kwa upana, inatoa ua au nyota, mara nyingi ya pembe tano, na mtoto wa awali anaweza kuichovya kwenye rangi na kugonga karatasi. Kazi hiyohiyo ukiipandisha inafika mpaka usanifu wa kanga kidato cha II.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

Upande wa makaratasi: muhtasari wa somo (kuanzia darasa la III utakuta linaitwa Sanaa na Michezo), azimio la kazi, shajara ya somo, fomu za andalio la somo, na nakala yako mwenyewe ya ratiba. Kwenye ratiba usitazame kipindi chako tu. Tazama kinachokitangulia na kinachofuata. Sanaa baada ya mapumziko maana yake watoto wanaingia wamelowa jasho na nusu yao wamechelewa. Sanaa kabla ya Hisabati maana yake ukichelewa kusafisha, mwenzako anasimama mlangoni ameshika rula yake ya ubao.

Upande wa vifaa, kwa darasa la watoto 90:

- Ndoo mbili, moja ya kunawa na moja ya maji safi ya akiba, pamoja na kopo la kuchotea.
- Matambara 15. Fulana kuukuu moja inatoa matano.
- Trei 3 za mayai, zile za karatasi. Kila trei ina vishimo 30. Ukiikata kwa safu za vishimo sita unapata vipande vitano. Trei tatu ni sahani 15 za rangi, na hukutoa hata shilingi.
- Magazeti ya kutandika juu ya madawati.
- Bamia zilizokomaa, zile ngumu ambazo mama muuza mboga anakaribia kuzitupa. Mwombe tu. Bamia changa zinapondeka kwenye kidole cha mtoto.
- Karatasi A4 zilizokatwa katikati: karatasi 45 zinawatosha watoto 90.
- Unga wa muhogo, kwa ajili ya kushikisha rangi.
- Rangi yenyewe: manjano ya dukani, udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, na mkaa uliotwangwa laini.
- Kayamba, au kopo lenye kokoto. Nitaeleza kwa nini.

Rangi unaipika hivi. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji baridi, weka motoni huku ukikoroga hadi kiwe uji mwepesi unaovutika, acha kipoe, kisha changanya na rangi mpaka ifikie uzito wa mtindi. Ikiwa nyepesi zaidi ya hapo, nyota haitoki, unapata doa. Usiipike mapema kwa ajili ya wiki nzima. Siku ya pili inaanza kunuka.

Onyo la manjano, kwa kuwa niliumia mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza niliwapa darasa la II manjano wakiwa na mashati meupe ya sare. Jioni akina mama wakapaka sabuni, na manjano yakikutana na sabuni hugeuka mekundu. Asubuhi iliyofuata nilikuta wazazi wanne ofisini, mmoja ameshika shati akiuliza mwanawe kaumizwa na nani. Doa la manjano lioshe, lisuuze vizuri, kisha lianike kwenye jua kali siku mbili tatu, jua hulififisha. Lakini dawa ya kweli ni kuomba wiki moja kabla: kila mtoto aje na shati kuukuu la mtu mzima, alivae kinyume, vifungo vikae mgongoni.

Hatua za kufuata

1. Siku tatu za kwanza kaa nyuma ya darasa na daftari.

Usikubali kukabidhiwa kipindi siku unayoripoti, hata kama mwalimu wa darasa anakupa kwa furaha. (Hasa kama anakupa kwa furaha.) Andika wanavyonyamazishwa, nani husikilizwa na wenzake hata kama si monita, bomba liko wapi na lina maji saa ngapi. Muulize mwalimu wa darasa ni nani haoni vizuri ubao, nani hasikii vizuri, na wepi wanatumia mkono wa kushoto. Hilo la mwisho linaonekana dogo mpaka uone dawati la watatu ambalo mwenye mashoto amekaa kulia kabisa: viwiko vinagongana kipindi kizima na ugomvi hauishi. Mhamishie mwisho wa kushoto. Umemaliza kesi kabla haijafunguliwa.

2. Chagua kazi moja, kisha ipandishe ngazi kwa kila darasa.

Hapa ndipo wengi wanapojichosha. Mtu ana madarasa manne, anatunga kazi nne tofauti, anabeba vifaa vya aina nne, ifikapo Alhamisi yuko hoi. Beba sahani zilezile na bamia zilezile, badilisha unachodai.

*Awali na darasa la I.* Dai jambo moja tu: chovya, gonga, inua. Wengi watajaza karatasi kwa dakika nne na kukuzunguka, "Madamu nimemaliza! Ticha nimemaliza!" Usikasirike, huo ndio muda wao. Uwe na kazi ya pili mfukoni: "Sasa geuza nyota moja iwe mnyama. Muongeze miguu kwa kidole." Majina yaandike wewe nyuma ya karatasi siku moja kabla, maana ukianza kuyaandika darasani utakuwa umewapa mgongo kwa dakika kumi. Watoto wa umri huu huonja kila kitu, kwa hiyo kwao tumia manjano na uji wa muhogo pekee. Na usiwe peke yako. Mwombe mwalimu wa darasa abaki ndani.

*Darasa la III na la IV.* Hawa wanataka kujua kama wamepatia. "Ticha, hivi?" utaisikia mara hamsini. Wanapenda rula na wanapenda raba, na wengine hufuta mpaka karatasi inatoboka. Kusanya raba zote kabla hujaanza. Kisha wape kanuni ya kufuata, kwa sababu kanuni inawatuliza: nyota, nafasi ya kidole kimoja, nyota, nafasi, mpaka mwisho wa karatasi. Hilo ni pindo. Lete kanga halisi, ishike juu, waulize ua la pindoni linajirudia baada ya hatua ngapi. Wataanza kuhesabu nguo za mama zao wakirudi nyumbani.

*Darasa la VI.* Tatizo lao ni aibu. Kuna mtoto amekwisha kuamua kwamba hajui kuchora, na amekaa na wenzake watatu waliokubaliana hivyo. Usiwaambie "kila mtu anaweza", hawatakuamini. Wape kazi inayoanza na vipimo: mstatili, pindo upana wa sentimita tatu pande zote nne, katikati mji (ule uwanja wa kati wa kanga), chini ya mji nafasi ya jina. Asiyejiamini katika kuchora anajiamini katika kupima, na akiinua kichwa pindo limekwisha kukamilika. Sehemu ya jina, yaani ule usemi wa kanga, itakupa kicheko cha bure. Waache watunge wao, ila uzisome zote kabla hazijabandikwa ukutani. Nimewahi kuona jina lililomlenga mwalimu wa zamu.

*Kidato cha I na cha II.* Ikiwa umepangiwa sekondari, jua kwamba baadhi yao mnapishana miaka michache na wanajua hivyo. Watakuita "broo" kukupima. Usijibu kwa ukali, wala usijibu kwa utani. Endelea na kazi. Heshima ya mwalimu wa sanaa kwa rika hili hutoka mkononi. Dakika tano za kwanza fanya kitu kizuri mbele yao, kimya kimya. Kazi iwe kanga kamili: bamia kwa pindo, kisha mji wa kukata wenyewe kwenye kiazi au kwenye stensili ya boksi. Hapo panahitajika wembe na visu. Vipe namba, viandike kwenye karatasi, aliyechukua atie sahihi, na kengele isigongwe kabla hesabu haijatimia. Istilahi za somo watazihitaji kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani, basi ziandike upande mmoja wa ubao tangu mwanzo na uzirudie mara kwa mara.

3. Fanya kazi yote wewe mwenyewe, kwa saa.

Nyumbani, kwa vifaa vilevile. Ukitumia dakika sita, kadiria kumi na nane kwa darasa la IV. Ikizidi hapo, punguza kazi, usijidanganye kwamba watakimbia. Utagundua pia mambo ambayo hayamo kwenye rejea yoyote. Kwa mfano, bamia iliyokatwa papo hapo ina ute, na ute unateleza na rangi. Kata asubuhi, laza upande uliokatwa juu ya gazeti, na ikifika saa ya kipindi ute umekwisha kunywewa.

4. Andika andalio lenye dakika za kweli.

Kipindi cha darasa la I na la II ni dakika 30, kuanzia la III ni 40. Mgawanyo wangu wa dakika 40 ni huu: kuonesha 5, kugawa 3, kazi 18, kusimamisha 2, kusafisha 7, kutazama kazi 5. Kwa dakika 30: kuonesha 4, kugawa 3, kazi 12, kusafisha 7, kutazama 4. Ndiyo, kusafisha kunabaki saba palepale. Watoto wadogo hawasafishi haraka zaidi kwa sababu kipindi chao ni kifupi.

Na sehemu ya tathmini na maoni pale mwisho wa andalio, ijaze baada ya kipindi. Wakufunzi wanacheka sana wakikuta "somo limefundishwa na wanafunzi wote wameelewa" kwenye andalio la kipindi ambacho hakijaanza.

5. Panga madawati na sahani kabla watoto hawajaingia.

Watoto 90 kwa madawati ya watatu ni madawati 30. Yageuze mawili mawili yatazamane: makundi 15 ya watu sita. Kila kundi lina mkuu wa sahani mmoja, naye habadiliki wiki nzima. Usichague wale watulivu tu. Yule mtundu anayejulikana na shule nzima, mpe sahani; mtu mwenye kazi mkononi hana nafasi ya kumchokoza mwenzake. Acha njia pana kutoka kila kundi hadi kwenye ndoo, na ndoo uziweke pembeni mbali na mlango.

Kama darasa limebanana kiasi kwamba madawati hayageuki, peleka nusu chini ya mti na penseli wachore majani wanayoyaona, nusu wabaki ndani na rangi, halafu kipindi kijacho wabadilishane. Lakini hapo nje pawe na mtu mzima. Kumwachia kiranja watoto 45 uwanjani ni kutafuta barua ya kujieleza.

6. Onesha kwa mkono, sema kidogo.

Vifaa vikishafika mezani, masikio yamefungwa. Kwa hiyo maelekezo yote yatangulie. Shika bamia juu waione, chovya, gonga, inua. Rudia mara mbili. Kisha muulize mtoto wa dawati la nyuma, "Tunaanza na nini? Halafu?" Akikosea, rudia wewe. Akipatia, gawa.

Kosa la kawaida hapa ni kubandika kazi nzuri uliyoifanya nyumbani na kuiacha ukutani. Watoto watainakili mpaka na doa lililodondoka kwa bahati mbaya. Waoneshe, kisha igeuze au uitoe.

7. Gawa kwa mpangilio huu: magazeti, karatasi, bamia, rangi mwisho.

Wakuu wa sahani peke yao ndio wanaosimama. Waite kwa safu, watano watano, wengine wakae na mikono mezani. Rangi hujaza wewe, nusu kishimo. Mtoto akipewa chupa ya rangi hujaza mpaka ifurike. Bakiza theluthi ya rangi yako kwenye kopo la akiba.

8. Wakati wa kazi, tembea.

Usikae mezani kujaza shajara. Pita kila kundi angalau mara mbili. Unachosema kiwe mahususi: "Nafasi kati ya hizi mbili ni sawa, ya tatu imesogea," inamsaidia mtoto kuliko "Vizuri sana." Usichukue kalamu ya mtoto na kumchorea. Ukimchorea mmoja, kabla hujageuka wamepanga foleni kumi.

Kelele zipo za aina mbili na utazizoea. Ile inayovuma kama nyuki ni kazi, iache. Ile yenye sauti moja inayopanda juu ya nyingine ni ugomvi, nenda pale pale kwa miguu, usiite jina kutoka ubaoni. Ukiita jina, darasa zima linageuka kutazama na bamia zikiwa mikononi.

Kwa kutuliza darasa zima ndipo kayamba inapoingia. Chuoni mmefundishwa kupiga makofi kwa mahadhi watoto waitikie. Ni njia nzuri, ila siyo mikono ikiwa na rangi! Nimeona ubao uliopata chapa za udongo mwekundu kwa sababu ya makofi ya kilo. Na usiseme "mikono kichwani". Kayamba ikilia, mikono hewani, macho kwangu. Lifanyieni mazoezi jambo hilo siku moja kabla, bila rangi, kama mchezo.

9. Simamisha mapema kuliko unavyotaka.

Zikibaki dakika kumi na nne, tikisa kayamba. Watalalamika, afadhali walalamike wangali na hamu. Bamia zirudi kwenye sahani, sahani zirudi kwa wakuu, wakuu wapange foleni. Kunawa: kundi moja kwa zamu, wewe au monita mnachota kwa kopo. Watoto wasitumbukize mikono ndani ya ndoo, la sivyo kundi la nne linanawa tope. Makundi yanayosubiri yakunje magazeti na yaimbe. Karatasi zianikwe sakafuni kando ya ukuta. Zikirundikwa mbichi zitagandana na hutazitenganisha.

10. Tazameni kazi pamoja, kisha sahihisha kwa mizani ileile.

Chagua kazi tatu, wala usichague zile nzuri zaidi tu. Uliza darasa, "Hapa pindo limefuata kanuni? Wapi limekatika?" Alama ziwe tatu kwa kila kazi, kwa mfano: amefuata kanuni, ametunza nafasi, ameongeza kitu chake. Andika nyuma ya karatasi. Alama nyekundu juu ya picha ya mtoto inauma kuliko kwenye hesabu, na huwezi kuifuta. Kazi 90 kwa utaratibu huu huchukua muda usiozidi saa moja.

Mambo ambayo yatakuingiza matatani

*Fimbo.* Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimempa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Wewe wa mazoezi huna. Hata mwenyeji wako, yaani mwalimu uliyemkuta darasani, akikuazima yake na kusema "hawa hawasikii bila hii," irudishe. Mwaka 2016 walimu wa mazoezi waliompiga mwanafunzi huko Mbeya walirekodiwa kwa simu, video ikasambaa nchi nzima, na masomo yao ya chuo yakaishia hapo.

*Michango.* Usimwambie mtoto alete mia tano ya rangi. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016 na mchango wowote una utaratibu wake unaopitia kwa mwalimu mkuu. Omba magazeti, trei na bamia mbovu.

*Magadi makali.* Kuna mwanachuo kila mwaka anayetaka kumfurahisha mkufunzi kwa batiki. Rangi za batiki za dukani huchanganywa na kostiki soda, ambayo huunguza ngozi na macho, na nta ya moto nayo ina hatari yake. Shule ya msingi usithubutu. Sekondari, fanya kama mwenyeji wako ameizoea kazi hiyo, mko nje penye hewa, na mna glavu.

*Picha.* Kazi za watoto piga picha, ziweke kwenye jalada lako. Nyuso za watoto kwenye "status" yako, hapana.

Pakikwama

*Rangi imeisha dakika ya tisa.* Ndiyo ile akiba ya theluthi. Nayo ikiisha, waambie wachore kwa penseli ndani ya nafasi zilizobaki kati ya nyota. Wengi watadhani ulipanga hivyo.

*Ukisema "choreni chochote" wote wanachora nyumba, mti na bendera.* Ni kosa la swali. "Chochote" humpeleka mtoto kwenye picha anayoijua kwa moyo. Mbane: mnyama mmoja tu, ajaze karatasi nzima mpaka mkia uguse ukingo. Hapa unaweza kuwasimulia habari za Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kawaida juu ya vipande vya ubao wa kubanwa, mnyama mmoja akitawala picha. Alifariki 1972, miaka minne tu baadaye, na mtindo wake ungali unauzwa. Mwenyeji anayekwambia sanaa haiwezekani bila vifaa vya gharama, msimulie na yeye.

*"Ticha, kaniigia!"* Machozi ya darasa la III. Usihukumu nani wa kwanza. Waambie wote wawili: "Kila mmoja aongeze kitu ambacho mwenzake hana." Nenda zako.

*Mtoto amekaa tu, hataki kugusa rangi.* Wapo wasiovumilia kitu kinachonata vidoleni. Ichomeke bamia kwenye kijiti. Akikataa bado, mpe kazi ya kuhesabu nafasi za wenzake. Kipindi kijacho mara nyingi huomba mwenyewe.

*Darasa la VI wanasema sanaa si somo la mtihani.* Usibishane. Waambie waandike jina la kanga, na kwamba bora tatu zitabandikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ukishapata ruhusa yake.

*Mkufunzi ameingia wakati rangi imemwagika.* Usijifanye hukuona. Mwite mkuu wa sahani, tambara, gazeti, endelea na somo. Wakufunzi wengi wanatazama unavyofanya baada ya jambo kuharibika, maana wanajua litaharibika tu.

*Mvua imenyesha, darasa giza, karatasi hazikauki.* Geuza iwe siku ya mkaa mkavu au ufinyanzi. Udongo wa mfinyanzi ukiwa na unyevu haudai mwanga mwingi, na mikono yao itafanya kazi nusu ya macho.

*Mwalimu wa Hisabati anaomba kipindi chako "leo tu, mtihani umekaribia".* Hili litakutokea, tena kwa upole sana: "Mdogo wangu, naomba nikusaidie hawa watoto." Wewe ni mgeni na yeye ana miaka ishirini kazini, usikatae kwa ukavu. Mjibu hivi: "Shikamoo mwalimu. Kipindi kimo kwenye andalio langu la kukaguliwa, ila kesho nina kipindi cha bure saa tano, naweza kukusaidia kusahihisha madaftari yako." Mara tisa kati ya kumi alichokuwa anatafuta ni msaada wa madaftari. Akishikilia, mpeleke taratibu kwa mwalimu wa taaluma, ratiba mkononi. Na sahani zako ziwe zimekwisha kupangwa mezani anapokuja, zimejaa rangi. Si rahisi mtu kufukuza watoto 90 ambao wamekwisha kuvaa mashati ya baba zao.